Taja Mahali, Nami Nitaleta

Kahama, 14 Agosti 2023

Ndugu Nkwabi Adam,

Salamu zangu nimezitanguliza kwa Marwa, kondakta wa basi la Ushirombo, maana najua mdomo wake utakufikia kabla ya karatasi hii. Ameniapia kwamba safari hii bahasha haitakaa chini ya magunia ya dagaa.

Ndani utakuta sura tatu za kitabu chako cha nyuki, zimechapwa na kusahihishwa. Ile ya namna wazee wenu walivyomfuata ndege wa asali msituni nimeisoma mara mbili, moja kwa kazi na moja kwa raha zangu. Mteja alisimama dirishani anataka kutoa kopi ya kitambulisho, nikamwambia asubiri kidogo, ndege hajafika kwenye mti.

Nimekurekebishia R na L zako zote. Kompyuta ya dukani haina msaada, inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, liwe zima au bovu, kwa hiyo msahihishaji ni macho yangu haya. Umeandika "asari" badala ya asali na "halaka" badala ya haraka. Na kule mwisho ukaandika, "Samahani Bi Mwanne, naishia hapa, karamu imeisha." Nilicheka mpaka mjomba Akida akatoka ndani kuuliza kulikoni. Karamu ni pilau na ngoma, Nkwabi. Iliyoisha ni kalamu. Nimekuwekea mbili.

Nimekuwekea na kitabu. Nimekiokota kwa wauza vitabu chakavu pale sokoni, kimetafsiriwa kwa Kiswahili cha zamani, na kinaeleza habari za nyuki na watu wa dunia nzima tangu enzi za wafalme wa Misri. Jalada limechanika lakini kurasa zote zipo.

Kile kigoda ulichokalia mwezi wa sita, ukinisomea madaftari yako nami nachapa, bado kipo palepale kando ya meza. Sijampa mtu mwingine akikalie. Siku ile unaondoka, chai ikiwa bado mkononi, ulisema una neno. Kisha lori likapiga honi na neno likaondoka na wewe. Mimi sipendi neno la mtu lilale kiporo. Liandike.

Mbona simu yako haipatikani?

Mwanne


Msituni, Bukombe, 27 Agosti 2023

Bi Mwanne,

Balua imefika. Hiyo L nimeiona baada ya kuandika, naiacha hivyo hivyo, nikianza kufuta nitamaliza daftari.

Simu usipige tena. Ilidondoka kwenye ndoo wakati nakamua masega. Fundi wa Ushirombo aliifungua, akalamba kidole, akasema haitengenezeki ila ni tamu. Sinunui nyingine kwa sasa. Kwenye simu maneno yangu yanajikwaa, shuleni walikuwa wananicheka. Kwenye kalatasi nina muda wa kufikili.

Kile kitabu tunakisoma hapa kambini kila tukimaliza kula. Wenzangu wanataka nisome kwa sauti. Jana tulifika pale wanaposema kwamba kuna nchi za Ulaya, mwenye mizinga akifa, au nyumba ikipata halusi, lazima mtu aende akagonge kila mzinga na kuwaambia nyuki habali hiyo. Wasipoambiwa wananuna, wanahama. Luka alicheka mpaka akamwaga uji. Mimi sikucheka. Marehemu babu yangu alikuwa haanzi kupuliza moshi kabla hajawaamkia nyuki, "mwangaluka," kama mtu anayebisha hodi kwa jilani. Nilikuwa nadhani ni yeye peke yake duniani anafanya hivyo. Kumbe alikuwa na ndugu zake huko mbali asiowajua.

Sura ya tisa, ile ya asali na ndoa, bado. Naandika nafuta. Siwezi kueleza halusi za watu wakati mwenyewe bado.

Sasa neno lenyewe. Tangu nilipoondoka hapo sina raha. Nikisikia mtu anacheka nageuka. Nimefikili sana nikaona nisizunguke. Nataka kuleta, ila sijui mahali. Nimeambiwa kwamba kwenu mwenye kutaja mahali ni wewe mwenyewe, si mjomba. Basi taja mahali, Mwanne, nami nitaleta. Hata ikiwa kubwa nitahangaika nayo mpaka itimie. Kama hutaki, usinijibu hilo, nijibu habali za kitabu tu, nitaelewa.

Mimi Nkwabi


Kahama, 9 Septemba 2023

Kwako Nkwabi,

Kwanza nikusahihishe, ndiyo kazi yangu. Umeandika kuhusu mahali, "ikiwa kubwa nitahangaika nayo." Mahali hapawi i, Nkwabi. Mahali ni pa. Mahali pakiwa pakubwa, nitahangaika napo mpaka patimie. Mahali pangu, mahali pako. Ukilikosea hilo kitabuni, walimu watatucheka sote wawili.

Haya. Neno lako nimelisoma nimesimama, kisha nikakaa. Kumbe ndilo hilo. Sijui nilikuwa nategemea nini, ila na hili ni zuri, na siku ile nilipokusimulia habari za shamba la baba nilikuona macho yamekutoka. Umeambiwa kweli, mwenye kutaja ni mimi. Baba alipofariki shamba la Songwa liliachwa kwa jina langu, mjomba hana kauli pale.

Basi nataja. Baba alikuwa mtu wa Tabora, muuza vitenge, hata kukama ng'ombe hakujua. Lakini alipohamia Songwa aliwaiga majirani zake Wasukuma, akafunga ngitili yake: kipande cha nyasi na migunga kisichochungwa mifugo mpaka kiangazi kikaze. Watu walimcheka, ngitili bila ng'ombe ya nini. Akatundika mizinga miwili kwenye migunga. Asali ya kwanza alinilambisha kwenye kidole chake, na mpaka leo nikifumba macho namkumbuka kwa ule mvumo kuliko kwa sura. Alipokufa watu walikata karibu miti yote wakachoma mkaa, nyuki wakaenda zao. Sasa migunga imechipua tena. Jirani yetu Mageni ananiangalizia, anasema vivuli vimerudi.

Nataka mizinga kumi pale. Mizinga yenye nyuki ndani, si ya kuangalia. Hapa mjini mtu akikupiga mzinga amekuomba hela. Mimi nakupiga mizinga kumi kwa mpigo, na hela yako siitaki.

Hapo ndipo mahali pangu. Kwingine kote nimepanga chumba tu.

Mwanne


Msituni, Bukombe, 1 Oktoba 2023

Mwanne,

Wabeja. Asante sana. Nimesoma balua yako nikakaa chini ya mti mpaka Luka akaja kunitafuta, akadhani nimeumwa na nyoka. Sina nyoka. Nimefulahi tu.

Mwingine angetaja ng'ombe. Mwingine angetaja dhahabu, na huku kwetu dhahabu si neno la mbali, kila kijana ana shimo lake. Wewe umetaja nyuki. Nikawaza, huyu mtu alinisoma kabla hata hajaanza kunichapa.

Nachonga mizinga sasa. Sitaki ya kununua. Ndani naipaka nta ya hapa msituni, halufu ndiyo inayowaita. Nitaipeleka Songwa kabla mvua hazijakolea, maana makundi yanatafuta nyumba wakati huo, na nitakaa hapo hapo mpaka wote waingie. Mzinga mtupu si kitu, umesema vizuri. Nyuki huwezi kuwaswaga kama ng'ombe ukawafikisha siku unayotaka. Unaandaa nyumba, unasubili wakupende. Kitabu chako kinasema hivyo hivyo, ila kwa maneno mengi.

Asante kwa kunisahihisha. Mahali patatimia. Umeona, nimejifunza.

Mimi wako Nkwabi


Kahama, 20 Novemba 2023

Nkwabi,

Utingo mmoja alikuja kutoa kopi ya leseni, akanisimulia bila mimi kumuuliza: wiki iliyopita walibeba Msukuma mmoja mrefu kutoka Ushirombo na mizinga yake imefungwa juu ya lori, wakapita nayo Kahama kwenda Shinyanga. Akasema walisimama hapa kula. Walisimama hapo ng'ambo, Nkwabi. Naona hicho kibanda cha chipsi kutoka kwenye kiti changu.

Hukuvuka barabara. Kigoda kipo, chai ipo, na mimi nilikuwepo. Nimeumia, sitaki kukuficha.

Barua yako ya Oktoba nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. Umeandika "mimi wako." Nikajiambia, mtu huandika hivyo kwenye barua yoyote, hata ya kuomba kazi. Halafu najiambia tena, mtu hachongi mizinga kumi kwa mkono wake kwa ajili ya shamba la mchapaji. Halafu unapita mbele ya mlango wangu kama mzigo wa mpunga. Sasa nishike lipi?

Mjomba ameanza. Kila tukikaa kula ananiambia mwanamke wa umri wangu hawezi kuolewa na kompyuta. Wiki hii ametaja na majina. Nakuuliza, na simuulizi mwandishi wa kitabu, namuuliza Nkwabi aliyekaa hapa mwezi wa sita akasahau kunywa chai. Nimwambie nini mjomba?

Ukijibu, mpe Mageni, ataiweka kwenye basi la Shinyanga.

Mwanne


Songwa, 7 Januari 2024

Mwanne,

Nisamehe kuchelewa. Mvua ilikata barabara, na nyegere alikuja akaangusha mzinga wa pili, akaupasua. Nimechonga mwingine. Sasa nalala karibu na migunga, Mageni amenipa turubai. Ni mama mwema, ila ananicheka, anasema hajaona mwanamume anayechunga miti.

Saba wameingia. Wa kwanza waliingia siku ile ile mvua ilipokatika, nilikuwa nakula, nikasikia mvumo juu yangu, wingi wao ukapita kama vumbi na kushuka kwenye mgunga wa baba yako. Nadhani ni wa baba yako, una kovu la waya. Baadaye wakaja wengine upande wa bwawa. Mitatu bado mitupu. Nimeigeuza milango isitazame upepo.

Kuhusu mjomba Akida, mwambie asubili. Mahali bado hapajatimia. Mweleze hivyo tu, yeye ni mtu mzima, ataelewa. Na kuhusu Kahama, sikuona vizuri kuja na mikono mitupu. Mtu anayejiheshimu haendi kukaa kwa watu na kunywa chai wakati mahali bado. Usiumie. Ni heshima.

Maua ya migunga yameanza. Ungeyaona.

Wako Nkwabi


Kahama, 18 Februari 2024

Ndugu Nkwabi Adam,

Nilikuuliza nimwambie nini mjomba, ukanijibu mizinga mitatu bado mitupu. Nilisoma barua yako mbele na nyuma nikitafuta sentensi moja inayonihusu mimi. Nimekuta nyegere, nimekuta upepo, nimekuta maua. Nikamfikishia mjomba ujumbe wako kama ulivyo, kwamba mahali bado hapajatimia. Aliniangalia akaniuliza kama ninaumwa.

Kuna mtu wa Geita anaitwa Abdulshakur, ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Mke wake alifariki mwaka juzi. Alikuja mwenyewe, akakaa sebuleni, akasema anachokitaka kwa sentensi moja, kisha akasubiri. Moyo haukunidunda. Lakini alisema, Nkwabi. Alifungua mdomo akasema. Mimi nimechoka kuishi kwa kukisia.

Nimemwambia mjomba sawa. Ndoa ni baada ya Idd.

Sura zako nane zimo kwenye bahasha hii, safi zote. Ya tisa mtafutie mchapaji mwingine, Kahama wapo wengi. Kwa mizinga nakushukuru. Nilitaja mahali, na wewe umeleta, hapo huna deni.

Mwanne Issa


Songwa, 3 Machi 2024

Mwanne,

Balua yako nimeipata kwa Mageni. Nilikuwa nimenyoa ndevu. Mzinga wa kumi umeingia juzi, na nilikuwa najiandaa kuja Kahama kumwona mjomba. Shati Mageni alishanipigia pasi.

Sikulaumu. Wewe ulisema unachoka kusubili na mimi nikadhani kusubili ndiyo sehemu yake. Siku ile ya loli nilikuona. Ulikuwa dirishani na mtandio wa kijani, unachapa, unasoma kwa midomo kama kawaida yako. Nilivuta kofia nikageukia upande wa pili, kwa sababu ningekutazama kidogo tu zaidi ningeshuka, na ningekuja na mikono mitupu.

Kwetu mwanamke akikataa, ng'ombe hurudishwa na ndama wao. Mimi usinirudishie kitu. Nyuki hawarudishwi. Mahali yako imetimia, yote kumi, na ibaki yako hata ukiolewa na huyo mwingine. Mtu akikuuliza, mwambie ililipwa yote, haina deni.

Naondoka kesho. Kuna watu wana mizinga upande wa Chato, kutoka hapo nitaingia misitu ya Bihalamulo. Kitabu cha nyuki wa dunia nzima nimemwachia Mageni akupe. Nilitaka kugonga mizinga niwaambie nyuki kwamba naondoka, kama wale watu wa kitabuni. Nilifika kwenye wa kwanza, sauti haikutoka. Waambie wewe.

Nkwabi


Songwa, 2 Aprili 2024

Nkwabi wangu,

Barua yako niliisoma dirishani pangu, na kwa vile mimi ni mjinga wa kazi yangu, nilichukua kalamu niisahihishe. Nilifika "mahali yako imetimia." Nikaandika juu yake: pako, pametimia. Nikateremka mstari unaofuata. "Ililipwa yote." Nikataka kuandika palilipwa, mkono ukakataa. Mahali hapalipwi.

Nilikaa na kalamu hewani mpaka mteja akaondoka bila kopi zake.

Mimi niliyecheka karamu na kalamu. Mimi niliyeziona L zako zote, za barua na za harusi na za haraka, nikazikamata moja moja kama chawa, hiyo moja ikanipita kwa sababu ilikuwa imevaa nguo ya neno jingine. Mahari, Nkwabi. Mahari. Nikatoa barua zako zote sandukuni nikazisoma upya na R mahali pake. Taja mahari, nami nitaleta. Kwenu mwenye kutaja mahari ni wewe mwenyewe, si mjomba. Mtu anayejiheshimu haendi kunywa chai kwa watu wakati mahari bado. Nililia kwa sauti. Mjomba alitoka ndani kuuliza kulikoni, kama siku ile ya karamu.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki. Barua yako ya kwanza uliandika "ikiwa kubwa, nitahangaika nayo." Ulikuwa sahihi. Ile i ilikuwa i ya mahari, imekaa panapotakiwa, inaniambia kila kitu. Mimi nikaifuta. Nikakufundisha kukosea, na wewe kwa adabu zako ukajifunza, ukanishukuru.

Nilimwambia mjomba kwamba ndoa ya Abdulshakur haipo, kwa sababu mimi posa nilishaipokea mwezi wa tisa, mahari nilitaja mwenyewe kwa mkono wangu, na imelipwa yote. Akaniuliza shahidi ni nani. Nikamwambia nyuki. Hajanisemesha tangu siku hiyo, futari nakula peke yangu. Abdulshakur nilimpigia mwenyewe, sikutaka aambiwe na mtu mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mwenzangu anajua. Nikasema hajui, wala sijui aliko. Akasema, "Basi muwahi, Mwanne." Ni mtu mzuri. Mungu amjalie.

Nimefika Songwa jana. Mageni alinipokea kwa kicheko mpaka akashika ukuta. "Mayu, mama yangu, si nilikwambia kwenye simu? Nilisema yule kijana analeta mahali yako." Kweli aliniambia, mwezi wa kumi na mbili. Nilimjibu ndiyo, ndiyo, najua, pale shambani. Hata kwa sauti nisingesikia.

Nimewaona. Sijui niandike nini, wewe ndiye mwandishi. Nilisimama kwenye njia ya ng'ombe kwanza, sikuthubutu kuingia. Ule mvumo, Nkwabi. Nilikuwa nimeusahau na kumbe ulikuwa ndani tu unasubiri. Nilimwona baba na kidole chake. Halafu nikaona turubai lako bado limekunjwa chini ya mgunga wenye kovu, na jiwe ulilokuwa unakalia, na vipande vya nta. Nikakaa juu ya jiwe lako. Nimekaa hapo mpaka adhana ya magharibi, Mageni akaniletea uji na asali ya mzinga wa kwanza, nikafuturu kwayo. Ina uchungu kidogo mwishoni, kama ya zamani.

Leo asubuhi nilifanya ulichoshindwa. Nilijifunga mtandio vizuri, ule wa kijani, nikaanza na wa kwanza. Niligonga kwa kifundo cha kidole, nikawaamkia kama babu yako, mwangaluka, nikawaambia: Mwanne binti Issa anaolewa na Nkwabi Adam, mahari imetimia, tulieni, msihame. Nikaenda wa pili. Kwenye wa nne nilisahau nikagonga kwa nguvu, wakanichoma mkono, ndiyo maana mwandiko huu umevimba. Sikuacha. Nimewaambia wote.

Simu huna, na huko Chato sina ninayemjua. Kwa hiyo nitafanya ninachokijua. Kesho narudi Kahama, nitaitoa barua hii kopi kwa wino mweusi kabisa, na kila kondakta anayeelekea magharibi ataondoka nayo: wa Chato, wa Ushirombo, wa Biharamulo. Marwa ameshapewa kazi ya kuwasimamia. Nyingine itabandikwa kila panapouzwa asali. Watu wataisoma, najua. Wasome. Kisha nitarudi hapa, maana mizinga haikai bila mwenyewe, na sura ya tisa haijaandikwa, nayo inataka watu wawili.

Naandika polepole ili unisome vizuri. Mahari nimeipokea. Mahali ni hapa.

Mageni anajua, mjomba anajua, Marwa anajua, kwa hiyo basi zima linajua. Nyuki wanajua, mizinga yote kumi. Umebaki wewe tu hujaambiwa.

Mwanne